Kumbukumbu Imejaa

Simu ya shangazi Thureya iliandika: kumbukumbu imejaa.
Akavaa miwani, akasoma tena, akacheka.
"Kweli. Tangu mwaka wa sitini na nne."

Tukaenda Ruwi, nyuma ya kituo cha mabasi,
alasiri, joto bado limeegemea kuta,
kwa Sajivu, fundi mwenye kibano mdomoni
na maiti za simu kwenye visahani vya chai.
Katika maneno yetu amejifunza moja, pole,
hulisema kabla hajafungua kifuniko,
kama daktari.

Pole, mama. Betri imevimba.
Ile ya zamani uliifungua kwa ukucha.
Hii wameipiga gundi makusudi
ili usinijue mimi, umjue muuza mpya.

Basi duka likawa baraza.
Kila mwenye simu mgonjwa ana lake.

Bwana Muhanna wa Ibra:
"Nilisema na mke wangu habari ya friji. Jikoni!
Hapakuwa na mtu ila sisi na birika.
Asubuhi nafungua simu, friji saba
zimejipanga mstari, zinanichekea."
"Hawasikilizi, ami," akasema binti mmoja, Ilham,
"wanakisia tu."
"Anayenikisia mpaka jikoni
huyo ni jini, au mkwe."

Kijana wa kupeleka vyakula naye, kofia magotini:
ramani ilimwambia nyoosha.
Mbele wadi imeshuka, maji rangi ya chai ya maziwa,
yamebeba tangi la mtu na mlango wa zizi.
Ramani ikarudia, kwa sauti ya upole: nyoosha.

Ilham hakukubali. Bila simu, alisema,
kaka yake aliye Malaysia angekuwa jina tu mezani,
na dawa ya bibi yake ingesubiri gari la jirani.
Tukanyamaza kidogo. Naye ana haki.
Halafu akatoa yake, kioo kimepasuka kama ufa wa yai,
akauliza bei, akasema, "Wezi wakubwa, hawa."

Mimi nina dogo.
Nikiandika shangazi, nakuja,
yeye anatuma Shanghai, nakuja.
Mwaka wa tatu huu namrekebisha.
Anajua nalala saa ngapi, nimetembea hatua ngapi,
anajua mshahara umeingia kabla sijajua mwenyewe.
Shangazi hamjui.

Sajivu akasema, mama, lipa wingu.
Kila mwezi, hata riali moja haifiki.
Wanakuwekea huko kila kitu.

Shangazi akainamia mlango, akatazama juu.
Mwezi wa sita, Ruwi, mbingu nyeupe kama sufuria.
"Wingu sijaliona tangu mwezi wa tatu.
Leo nilikodi? La nani?"
Sajivu akanyoosha kibano kuelekea juu,
kikaishia kwenye feni.
"Na nikifa, nani atalipa?"

Hata Bwana Muhanna hakuwa na jibu.

Humo ndani yumo dada yake, Bi Ghanima.
Sekunde arobaini. Anaeleza vipimo vya mandazi,
anakohoa, anamfukuza kuku,
anasema haya, nisalimie watu.
Basi.

"Lile usiliguse," akaniambia. "Tafuta vingine."
Vingine vilikuwa mawaridi.
Mawaridi ya Ijumaa njema, elfu nne na ushei,
yenye umande, yenye njiwa, yenye vikombe vya kahawa,
kutoka kwa kila aliyewahi kuchukua namba yake
kuanzia Seeb mpaka Sur.

Tukakaa kwenye benchi, kidole changu kwenye kioo.
La kwanza likafutika.
Akanishika mkono: "Ngoja. Dua haifutwi bila kuitikiwa."
Akasema amina. Nikafuta.
Amina. Nikafuta.
Magharibi ikaadhiniwa, tukaenda, tukarudi.
Amina.

Tulikuwa tumefika Shaabani ya mwaka juzi
Sajivu alipozima feni.